Maandazi ya Kumpa Mtoto Jina

Mimi sherehe sizipendi, na simfichi mtu. Nimekaanga maandazi tangu nilipoweza kushika mwiko, huko Buyenzi, Bujumbura. Nimewakaangia watu arusi zao, ubatizo wao na matanga yao, na bado sijaiona sherehe inayomwachia mpishi mgongo wake. Kwa hiyo fundi mmoja, Damascène, aliponiambia, Desemba ile ya mwaka tisini na nne, kwamba nina roho nzuri, nilimjibu roho yangu aiache ilivyo, aende akaniletee kuni.

Habari yenyewe ni hii. Nilirudi Rwanda mwezi wa nane, baada ya vita, mimi niliyeondoka nchini nikiwa mgongoni kwa mama yangu. Kabeza, mtaa wa Kigali, ilikuwa na nyumba tupu nyingi, nikaonyeshwa moja nikae. Ya nani, sikujua. Kila nikifungua kabati nilihisi mtu atanigusa bega aniulize natafuta nini. Nikaweka karai langu uani, nikaanza kukaanga na kuuza, maana kazi nyingine siijui. Ndege za msaada zilitupita juu ya vichwa zikishuka uwanjani Kanombe, na kila ikipita moja vikombe vilitikisika mezani.

Katika chumba cha uani alikaa Mukarugwiza. Yeye alikuwa wa hapahapa. Nyumba yake ya Kibagabaga ilibaki kuta tu, mabati yamekwenda, milango imekwenda. Mume wake na watoto wake wawili waliuawa mwezi wa nne. Yeye alijificha, akapona, na akiwa mafichoni akagundua kwamba ana mimba. Sisemi zaidi, kwa sababu mwenyewe hakusema zaidi. Alizungumza Kinyarwanda tu, polepole, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa. Hapa namsemesha Kiswahili kwa faida yenu.

Mtoto akazaliwa. Wa kiume, nywele tele, sauti ya kudai. Mama yake alimnyonyesha vizuri, alimwogesha vizuri, alimfunika vizuri, na hakumwambia neno hata moja. Mimi nimezaa, najua mama mwenye mtoto mchanga anavyopayuka peke yake kutwa. Kimya cha chumba kile kilinichosha kuliko moto.

Asubuhi moja nilimpelekea uji, akaniambia, "Mama Christella, Jumatatu nampeleka kwa masista."

Christella ni binti yangu, nilimwacha shuleni Bujumbura. Huku ndivyo walivyoniita.

"Masista wa nini?"

"Wanaolea watoto. Wameshanikubalia."

Nikaweka bakuli chini. "Masista wanalea wasio na mama. Huyu mama yake ni nani, mimi?"

"Mtoto hulelewa na watu," akasema. "Mimi si watu. Mimi ni mtu."

Nilikasirika, sitaki kudanganya. Nikamwambia kwamba Bujumbura nimewaona wanawake waliolea peke yao, waume wamekwenda na maji, na watoto wakakua wakawa na midomo mirefu kuliko mimi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha kitambaa cha mtoto.

"Hata jina hana," akasema. "Wale wa kwanza walipewa majina na watoto wa kilima kizima. Huyu atapewa na nani?"

Kwetu Wanyarwanda mtoto hapewi jina kimyakimya. Huitwa watoto wa majirani. Hulimishwa kidogo uani kwa vijiti, hunyunyiziwa maji kana kwamba mvua imewakuta shambani, hukimbilia ndani, hula, kisha kila mmoja hutaja jina analompa mtoto. Mzazi humalizia kwa lake. Tunaita kwita izina. Pasipo watoto hakuna kitu, na Kabeza ya siku zile uliweza kupita njia nzima usisikie mtoto hata mmoja akigombana na mwenzake.

"Watoto nitakuletea," nikasema. Mdomo wangu huu, sikuzote hufika kabla yangu.

Akanitazama. "Ukiwaleta, tutamwita. Na Jumatatu nitakwenda vilevile."

Basi nikajua nina Jumapili moja tu. Hoja za kumshinda sikuwa nazo. Nilikuwa na karai. Nikafikiri kwamba akikaa mlangoni na mtoto mapajani, watu wakila na kucheka kwa ajili ya mtoto huyo, huenda Jumatatu mguu ukawa mzito. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yangu yote.

Damascène nilimpa kazi mbili. Huyu alikuwa seremala, mzaliwa wa Gisozi, aliyenusurika darini kwa mtu, na siku hizo alikuwa anarudisha milango katika nyumba za mtaa mzima. Kiswahili chake alikiokota kazini. Herufi L na R kwake ni mapacha. Hajui yupi ni yupi, na wala hajali. Kazi ya kwanza ilikuwa kuni. Ya pili ilikuwa kwenda kwa Mwalimu Zephaniah, pale shuleni chini ya barabara, amwombe watoto kumi hivi.

Zephaniah alikulia Ngara, Tanzania. Kiswahili chake kilinyooka kama taarifa ya habari, na Kinyarwanda alikuwa bado anakizungukazunguka. Kwa heshima, Damascène humsemesha Kiswahili. Shule yake ilifunguliwa bila madawati na bila madirisha, ikajaa watoto wa kila upande: waliokuja na wazazi wao kutoka Tanzania, Burundi, Uganda na Zaire, na wa hapahapa, wengi wao wakikaa kwa yeyote aliyewaokota.

"Mwambie Jumapili baada ya misa," nikamwambia. "Kuna karamu ya watoto."

"Karamu ya watoto," akasema Damascène, au alisema hilo lingine; sikusikia tofauti, masikio yangu yalishamzoea. Akaenda zake.

Mimi nikaingia kwenye unga. Wa ngano nilikuwa na kidogo, uliotoka Uganda. Wa mahindi ulikuwepo, wa msaada, mwingi na mgumu kama mchanga. Nikachanganya. Maandazi ya unga wa mahindi ni aibu, lakini aibu iliyokaangwa vizuri inalika. Hamira hakuna, nikachukua machicha ya pombe ya ndizi, nikayakamua kwenye maji ya vuguvugu, nikakandia. Iliki nilikuwa nazo chache, nimezifunga kwenye pembe ya kanga tangu Bujumbura, nilikuwa nikizinusa tu ninapokumbuka nyumbani. Nikazitwanga zote. Damascène aliporudi alinikuta nasonya peke yangu, akauliza kama nimeumia.

"Nimechoka," nikamwambia. "Mwalimu kasemaje?"

"Amefurahi sana. Amenishika mikono yote miwiri."

Nikaona ajabu, mtu kufurahia maandazi kiasi hicho. Lakini watu wote tulikuwa na njaa ya namna namna, nikaacha.

Kisha nikafanya kashata. Sukari nikaiyeyusha kwenye sufuria mpaka ikawa rangi ya chai ya rangi, nikatia karanga zilizokaangwa na kupondwapondwa, nikamwaga juu ya ubao wa Damascène niliouloweka maji, nikakata kwa kisu kabla haijaganda. Sukari haimsubiri mtu. Ikishaganda utaipiga kwa nyundo, na kashata ya kupigwa nyundo hailiwi, inatafunwa kwa hasira.

Mukarugwiza alikuwa ameketi mkekani na mtoto, akiangalia. Yeye alichotaka kilikuwa kimoja, maharage na dodo, zile mboga za majani, vipikwe pamoja na viliwe kwa mkono kutoka kwenye ungo, kwa sababu hicho ndicho chakula cha kwita izina. Nikamwambia mtoto gani anaacha njia yake kwa sababu ya maharage. Akasema watoto wake waliacha. Nikaweka maharage jikoni.

Mapambo tuliyafanya alasiri ileile. Madebe ya mafuta ya msaada Damascène aliyakata nyota kwa mkasi wa bati, akazipiga kingo zisimkate mtu, na nyuma ya kila moja akabandika kwa uji wa unga zile karatasi za kung'aa za ndani ya pakiti za sigara. Wanajeshi walivuta sana, karatasi hazikukosekana. Mimi nilikata mifuko ya saruji, nikaanza kukunja maua. Nyuzi za magunia ndizo zilikuwa kamba.

"Hilo ni ua?" Mukarugwiza akauliza.

"Ni ua."

"Mimi naona kabichi."

Nikamrushia karatasi. "Haya, onyesha wewe."

Akamlaza mtoto, akakunja. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Ua lake lilikuwa na kikonyo, petali zimejipinda nje, hata ukasahau kwamba juzi mfuko ule ulikuwa na saruji. Akafanya lingine. Akasema mume wake alikuwa akimcheka kwamba anaharibu magazeti kabla hajayasoma. Mimi nikaogopa hata kukohoa. Maua yakawa lundo.

Alipomaliza akajifuta mikono. "Ni mazuri," akasema. "Masista watayapenda, nitachukua machache Jumatatu."

Nikaingia ndani nikaukasirikia ukuta.

Jumapili asubuhi nilifanya kosa ambalo mtu wa hapa asingelifanya. Buyenzi, ukiwa na shughuli, unapamba lango kwa migomba. Unakata majani mapana, unayafunga huku na huku, mgeni anajua hapa leo kuna furaha. Damascène alikuwa misani. Nikashika panga, nikaenda kwenye kishamba cha nyuma, nikakata majani mabichi na makavu, nikayafunga langoni mpaka juu, nikarudi nyuma nikajisifu.

Mukarugwiza alitoka na beseni la nepi. Akaliona lango. Hakupiga kelele. Beseni lilianguka, akarudi chumbani kinyumenyume bila kugeuka, nikasikia komeo.

Nikagonga. "Mukarugwiza. Kuna nini?"

Mtoto alikuwa akilia ndani, kisha akaacha, kama aliyezibwa kwa titi.

Damascène ndiye aliyenikuta nimesimama pale. Aliangalia lango, akaniangalia mimi, na panga lilikuwa bado mkononi mwangu. Akalichukua polepole, akaliweka nyuma ya pipa. Kisha akaanza kuyang'oa yale majani kwa mikono, moja moja.

"Wauaji walikuwa wanavaa haya," akasema kwa Kinyarwanda. Mambo mazito hakuyasema kwa Kiswahili. "Majani ya migomba. Kichwani, kiunoni. Walikuja wakiimba. Wewe hukuwapo, Mama Christella. Hukujua."

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Niliona haya, nikaona na uchovu wa ajabu, uchovu wa kuishi katika nchi yako mwenyewe kama mtu anayetembea gizani kwenye nyumba ya watu, kila ukinyoosha mkono unaangusha kitu. Damascène aliyabeba majani yote mpaka mbali, akarudi na matawi ya maua ya zambarau kutoka ua wa nyumba tupu ya jirani. Tukayafunga langoni, tukatundika zile nyota za madebe na maua ya mifuko. Chumba kilibaki kimefungwa.

Nilikwenda tena mlangoni. "Nisamehe," nikasema. "Mimi mjinga. Watoto wanakuja, toka."

"Kuleni nao nyinyi," sauti yake ikajibu. "Mimi sitoki."

Hapo ndipo nilipokata tamaa. Nikawaza, basi, Jumatatu imekuja mapema. Nikayapanga maandazi kwenye sinia kwa sababu yalikuwa tayari, si kwa sababu nyingine.

Watoto wakasikika kabla hawajaonekana. Nilitoka langoni nikitarajia kumi. Barabara ilikuwa imejaa. Mbele Mwalimu Zephaniah, shati limepigwa pasi hata sijui kwa makaa gani, na nyuma yake shule nzima, wawili wawili, wamenawa nyuso, wamepaka mafuta ya kupikia miguuni mpaka ikang'aa. Kila mmoja alikuwa na kipande cha karatasi mkononi, amekishika kwa adabu.

"Shikamoo mama," akasema Zephaniah.

"Marahaba mwalimu. Wote hawa?"

"Nilishindwa kuchagua. Nikimpa huyu kalamu nikamnyima yule, kesho darasani nitamtazamaje?"

"Kalamu gani?"

"Kalamu za watoto. Wamekuja na karatasi wazijaribu." Akatabasamu, mtu aliyelala vizuri kwa furaha. "Mama, watoto hawa wanaandika kwa makaa."

Sote wawili tukamgeukia Damascène.

"Nirisema karamu," akasema Damascène. "Karamu ya watoto. Ya kukura."

"Ulisema kalamu," Zephaniah akasema. "Kalamu za kukua. Nikaelewa ni za wakubwa, za wino, si penseli."

"Kukura. Kukura chakura."

Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Siku hiyo niliangalia sinia langu la maandazi, nikaangalia barabara, nikataka ardhi ipasuke niingie mimi na karai langu. Zephaniah hakucheka. Uso ulimbadilika.

"Mama, sikulaumu," akasema, "lakini watoto hawa wameahidiwa vitu vingi sana na watu wengi sana. Kwamba baba atarudi. Kwamba watafuatwa kesho. Mimi siwezi kuwakalisha hapa kwa neno la uongo, hata kama ni uongo wa ulimi tu. Nitawarudisha, nitawaeleza njiani."

"Angalau wale kitu."

"Hakitawatosha, na wewe unajua."

Ilikuwa kweli. Akapiga makofi, watoto wakageuka, wale wa mwisho wakawa wa mbele. Hawakulalamika hata mmoja. Hilo ndilo lililoniuma: mtoto aliyekosa kitu analia, lakini hawa walizikunja karatasi zao wakazitia mfukoni kama wazee.

Nikasikia komeo nyuma yangu. Mukarugwiza alikuwa amesimama mlangoni na mtoto begani. Sijui alisikia nini, labda zile nyayo. Alipita karibu yangu, alipita chini ya lango, akaenda mpaka kwa watoto.

"Kalamu sina," akawaambia. "Nina mtoto hana jina. Nani kati yenu amewahi kumpa mtu jina?"

Wale wa hapa wakawatafsiria wale wa Tanzania na Uganda, minong'ono ikazunguka. Mvulana mmoja, Achille, akasema, "Sisi huwa tunapewa tu."

"Leo mtatoa," akasema.

Wakamwangalia mwalimu. Zephaniah akavua miwani akaipangusa, ilikuwa safi. "Haya," akasema.

Sasa ilibidi nifanye kazi. Nikamwambia Damascène agawe vijiti, wakalima ua wangu wote, wakachimba hata pale nisipotaka. Nikawanyunyizia maji kwa kata, nikasema mvua hiyo. Kitoto kimoja cha kutoka Zaire kikaniambia, mama, mvua gani na jua linawaka, nikakimwagia kata nzima. Wakakimbilia ndani wakisukumana. Nilikata maandazi nusu, nikakata robo, nikakata tena mpaka nikaona aibu ya kuyaita maandazi. Kashata kila mmoja alipata ya kulamba. Maharage na dodo ndiyo yaliyotuokoa. Mukarugwiza alikuwa sahihi, yaliliwa kwa mikono kutoka kwenye ungo mpaka ungo ukawa safi. Nyota za madebe ziligonganagongana langoni, na kwa muda mfupi nyumba ile ilikuwa na kelele za nyumba.

Mukarugwiza akaketi kizingitini, mtoto mapajani. "Tumpe jina," akasema.

Walianza kwa mzaha, ndivyo desturi. Yule wa Zaire akasema aitwe Mandazi. Mwingine akasema Sukari. Kasichana kadogo ka Ngara kakasema Kalamu, na hapo hata Zephaniah alicheka, akamshika Damascène bega. Kisha zamu ikamfikia msichana aitwaye Mugeni, wa hapahapa, mwembamba, ambaye mwalimu aliniambia baadaye kwamba darasani hakuwahi kufungua mdomo.

"Rwema," akasema.

"Ni zuri," Mukarugwiza akasema. "Umelitoa wapi?"

"La kaka yangu mdogo."

Hakuna aliyeuliza kaka yuko wapi. Aliyefuata alitaja jina, na aliyemfuata, na tukafahamu wote kwamba mzaha umekwisha. Majina yalitoka moja baada ya jingine, ya dada, ya binamu, ya rafiki wa nyumba ya pili. Achille alisema, "Gahongayire."

"Hilo la kike," mmoja akamwambia.

"La mama," Achille akasema.

"Litamfaa," akasema Mukarugwiza.

Mimi nikaona yamezidi. Nikamwinamia sikioni. "Wasimamishe. Mtoto mchanga huyu, mtamtwisha makaburi yote?"

"Waache," akasema. "Wamekosa pa kuyaweka." Na kila jina lilipotajwa alilirudia, taratibu, akimwambia mtoto. Ndiyo maneno ya kwanza niliyomsikia akimwambia.

Yakaisha. Kila mtu alijua limebaki la mzazi. Watoto wakasogea, wakamtazama Mukarugwiza. Nilimwona anatafuta. Nilijua anachofikiri: kwamba jina la mama ni la mama anayebaki. Nilisali, mimi ambaye siku hizo nilikuwa sisemezani na Mungu.

Mugeni ndiye aliyesema. Alikuwa amemshika mtoto kidole cha mguu. Akauliza kwa Kinyarwanda, kwa sauti ndogo, "Tukija tena Jumapili, tutamkuta?"

Hakuuliza kwa mchezo. Mukarugwiza alimwangalia msichana yule, aliyewaacha watu wake asubuhi asiwakute jioni, na nikaona vile alivyoshindwa kumdanganya. Machozi yalimtoka yakafika kidevuni, hakuyafuta.

"Muzamusanga," akasema. Maana yake, mtamkuta.

Lakini wale wa Tanzania na Uganda, Kinyarwanda chao cha kuungaunga, walikuwa wakisubiri jina. Majina yetu mengi ni sentensi, wao walilijua hilo, na hii ilikuwa sentensi, imetoka kinywani mwa mzazi mwishoni kabisa, mahali pake. Wakapiga makofi. "Muzamusanga," wakaanza kuita, "Muzamusanga," wale wa nyuma wakadaka, na mtoto akashtuka akaanza kulia kwa ile sauti yake ya kudai.

Zephaniah alikuwa ameshaelewa kwamba lile lilikuwa jibu, si jina. Alinyanyua mkono awasahihishe, maana mwalimu haachi kosa lipite.

"Mwalimu, waache," Mukarugwiza akasema, akimweka mtoto begani. "Wamesikia sawasawa."